Kisa cha Mena: swala wa kwenye jezi, swala wa jangwani

Septemba 2025 Niger ilipotufunga 1–0 kule Zanzibar, kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, nilikuwa nimebanana na watu kwenye kibanda umiza hapa Igoma, Mwanza. Bao lilipoingia kila mtu akawa kocha. Kijana mmoja wa kidato cha tatu ninayemfundisha bailojia, aliyekaa ukingoni mwa benchi langu, hakulaumu mtu. Aliuliza tu: "Mwalimu, hawa mbona wanaitwa Mena? Mena ndiyo nini?"

"Swala," nikamwambia. "Yupo mpaka kwenye nembo yao."

"Swala kama wetu wa Serengeti?"

Nikamjibu kuwa si kama wetu, yule ni wa jangwani. Nilipofika nyumbani nikaanza kutilia shaka jibu langu mwenyewe, nikafungua vitabu, na kweli nilikuwa nimemdanganya mtoto wa watu nusu nzima. Tangu hapo nimekifuatilia kisa cha mnyama huyu, na kadiri ninavyokifuatilia ndivyo ninavyoona kwamba sisi wa kando ya Ziwa Victoria tuna la kusema juu yake, ingawa jangwa lenyewe hatujawahi kulikanyaga.

Ndugu yake yuko Ndabaka

Mena ni jina la Kihausa. Wanasayansi humwita Nanger dama. Katika kundi la akina tomi na granti yeye ndiye mkubwa kuliko wote: begani hufika sentimita 90 mpaka 120, na dume lililoshiba hukaribia kilo 75. Ana miguu mirefu na shingo ndefu, na rangi zake ni mbili tu, wekundu wa kichuguu na weupe wa maziwa, pamoja na doa jeupe kooni. Kwa wale wa magharibi, upande wa Moroko, wekundu hufunika karibu mwili mzima. Kadiri unavyokwenda mashariki wekundu unapungua, mpaka ukifika Chad unamkuta mnyama mweupe aliyevaa kama skafu nyekundu shingoni.

Nusu niliyomdanganya kijana ni hii: swala granti wetu anaitwa Nanger granti. Jina la kwanza ni lilelile. Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, ukapita Lamadi, ukaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, yule swala mkubwa mwenye matako meupe anayesimama juani wala haonyeshi kuhangaikia maji, huyo ni ndugu wa Mena wa damu kabisa. Wamekaa nchi tofauti, basi.

Chakula chake hasa ni majani ya migunga. Husimama kwa miguu ya nyuma, kama mbuzi anavyofanya kwenye ua wa jirani, akavuta tawi. Mvua zikinyesha hupanda kaskazini kuingia jangwani kwenye majani mabichi. Zikikatika hushuka kusini, kwenye ukanda wa Saheli wenye miti. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo iliyomweka hai miaka yote, na ndiyo iliyomponza, maana kule kusini anakoshuka wakati wa kiangazi ndiko waliko wafugaji, visima, njia za magari na bunduki.

Hesabu

Zamani ungemkuta kuanzia Moroko na Mauritania mpaka Sudan. Leo amebaki vipande vinne kwenye nchi mbili. Niger wako kwenye milima ya Aïr, na kwenye Termit na Tin Toumma. Chad wako eneo la Manga upande wa magharibi, na kwenye hifadhi ya Ouadi Rimé–Ouadi Achim. Ukiwajumlisha wote wanakadiriwa kuwa kati ya 100 na 200. Shuleni kwetu mikondo miwili ya kidato cha kwanza ina watoto wanaozidi hapo, na nikiwaita paredi asubuhi wanaenea mbele ya ofisi moja.

Asilimia 99 ya eneo alilokuwa akiishi haina tena Mena hata mmoja. Tangu 2006 Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka kwenye daraja la walio hatarini kabisa, na likitoka hilo linalofuata ni kutoweka porini.

Ukimuuliza mtu yeyote wa huku sababu atakwambia ukame, kwa kuwa jangwa na ukame kichwani mwetu ni kitu kimoja. Ukame upo, na ule wa miaka ya 1970 na 1980 uliitesa Saheli yote. Lakini mnyama huyu amezaliwa na ukame. Kilichommaliza ni bunduki na gari. Mwindaji wa ngamia alimpata Mena mara mojamoja, tena kwa jasho. Ilipoingia Land Rover katikati ya karne iliyopita, uwanda usio na kichaka ukawa kama uwanja wa mpira: hakuna pa kujificha, na swala hata awe na mbio namna gani, injini haichoki. Waliwindwa kwa nyama, wakawindwa pia kwa starehe tu. Juu ya hapo mifugo iliongezeka, migunga ikakatwa na kuliwa, vita na maasi yakapita Chad na Niger, na Libya ilipovurugika 2011 silaha na magari yakasambaa jangwani kote.

Wakati huohuo hakukuwa na aliyekuwa akiwahesabu vizuri. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa habari ilifika kundi likishakuwa vipande vinne.

Niger ilijitahidi. Mwaka 2012 ilitangaza Termit na Tin Toumma kuwa hifadhi ya taifa, karibu kilomita za mraba 97,000. Serengeti yetu ni 14,763, kwa hiyo zipange Serengeti sita na nusu mahali pasipo barabara, kisha uajiri askari wa kuzilinda. Mafuta nayo yalikuwa yameanza kuchimbwa jirani, kule Agadem, mwaka mmoja kabla. Mwaka 2019 mipaka ya hifadhi ikachorwa upya. Mafuta yakija huja na malori, malori na barabara, na barabara jangwani humsaidia kila mwenye gari, mwema kwa mbaya.

Wengi, lakini uani kwa watu

Hapa ndipo kisa kinapochanganya. Mena wapo zaidi ya elfu duniani, ila wengi wao hawako Afrika.

Wale wekundu wa magharibi, wanaoitwa mhorr, walionekana porini kwa mara ya mwisho mwaka 1968. Mhispania José Antonio Valverde aliona mwisho unakuja, akaanzisha kituo huko Almería, kusini mwa Hispania, mwaka 1971, kwa swala wachache waliotolewa Sahara Magharibi. Kila mhorr anayeishi leo anatokana na kundi lile dogo. Mwaka 1984 baadhi wakarudishwa Senegal, kwenye uzio wa Guembeul karibu na Saint-Louis, na wengine baadaye Tunisia na Moroko. Kwa sehemu kubwa wamebaki ndani ya uzio mpaka leo.

Wale weupe wa Chad walipelekwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, wakazaana kwenye bustani za wanyama, kisha wakaingia kwenye ranchi za Texas. Huko tajiri hufuga swala wa Sahara kama huku mtu anavyofuga bata mzinga, na mgeni akilipa anaruhusiwa kuwinda mmoja. Mwaka 2012 serikali yao ilidai kibali kwa kila anayetaka kuwinda au kuuza, wenye ranchi wakalalamika kwamba mnyama asiyeuzika hafugiki, na mwaka 2014 bunge lao likaondoa sharti hilo. Binafsi sipendi kumwona Mena amepangiwa bei kwa kichwa. Lakini siwezi kukana kwamba Texas peke yake ina Mena wengi mara kadhaa kuliko Sahara nzima, na fedha ya wawindaji ndiyo inayonunua majani yao.

Hatari ya wingi wa namna hii sisi wa Mwanza tunaijua. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi uone magunia ya dagaa yanavyopakiwa, uone na sangara waliokaushwa. Nani atakuamini ukimwambia ziwa limepoteza samaki? Na lilipoteza. Sangara aliletwa miaka ya 1950, na alipokuja kushamiri aina za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zinazohesabiwa kwa mamia zikatoweka, nyingi zikiwa za ghuba hii hii ya Mwanza. Wauzaji hawakukosa kitu mezani, kwa hiyo hakuna aliyepiga yowe. Hata pale Saanane, kisiwa kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa 2013, nimeona mara nyingi wanafunzi wangu wakiwapiga picha swala pala wanaozunguka kati ya mawe na kurudi nyumbani wakiamini wanyama wako salama. Jicho likiwaona, moyo umetulia.

Swali lenyewe

Wahifadhi walikutana Edinburgh mwaka 2013 kulijadili jambo hili, na tangu hapo mabishano yamejikusanya mahali pamoja: hao mia na kitu waliobaki porini, tuwafanye nini?

Wapo wanaosema waachwe. Wanaijua njia, wanajua kiangazi kipi ni cha kwenda wapi, na maarifa hayo mama humrithisha mtoto kwa miguu. Ukimweka zizini kizazi kimoja tu, umekata uzi. Tena kumkamata swala ni kamari. Mnyama huyu akikimbizwa kwa hofu kupita kiasi misuli yake huharibika kwa ndani, na anaweza kufa siku kadhaa baadaye, ingawa ulimwona akisimama na kula. Ukiwa na mia, kila kifo ni asilimia moja ya hesabu yote.

Wengine wanasema wakusanywe sasa. Kundi la swala wanane lililojitenga haliko porini kwa maana yoyote ya kueleweka. Madume yatazaa na dada zao, na siku pikapu moja yenye watu watatu ikipita, kipande kizima kimefutika.

Halafu kuna swali la tatu, la ukoo. Wekundu wa Hispania wamezaana ndugu kwa ndugu tangu 1971, na wanahitaji damu mpya. Je, wachanganywe na weupe wa Chad? Kwa miaka mingi vitabu vilitaja koo tatu, kila mmoja na jina lake, na wenye bustani wakalinda koo hizo kama watu wanavyolinda kabila wakati wa posa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2014 haukuona mipaka ya kueleweka kati yao. Ile rangi inayopungua kuelekea mashariki inaelekea kuwa ni kupungua tu, hakuna ukuta.

Rubondo walijibu zamani

Kabla hatujamsikiliza mtaalamu wa mbali, tukipande kivuko twende Rubondo. Kati ya 1966 na 1969 Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt alileta pale sokwe 17. Walitoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, na baadhi walikuwa wamefungiwa miaka mingi. Kisiwa hakikuwahi kuwa na sokwe. Hawakufundishwa kitu: walifunguliwa mlango wa kreti, wakaingia msituni. Wengine walikuwa wamezoea watu kiasi cha kuwa wakorofi, wakawashambulia. Lakini ndani ya muda mfupi walijua matunda ya kula na wakajenga viota, na kizazi kilichofuata kikazaliwa bila kumjua mlishaji. Hadi leo wapo, wameongezeka, na wageni wanalipa kwenda kuwatafuta.

Kwenye kisiwa hichohicho, miaka hiyohiyo, waliletwa faru weusi 16. Leo hayupo hata mmoja. Majangili waliwamaliza.

Nimelirudia jambo hili darasani mara nyingi, na kila mara kuna mwanafunzi anayesema faru walishindwa hali ya hewa. Hapana. Faru walikuwa watu wa porini tangu kuzaliwa, waliletwa kutoka nchi yetu hii na walijua kila kitu. Sokwe walikuwa hawajui kitu. Asiyejua akapona, ajuaye akafa, kwa sababu pembe ya faru ina mnunuzi na sokwe wa Rubondo hakuwa na mtu aliyemwendea kwa panga. Hapo hoja ya kwanza, ile ya maarifa ya porini, inapungua uzito machoni pangu. Maarifa hujengeka upya mahali pakiwa na amani. Pasipo amani hayamwokoi hata mwenye nayo.

Rubondo ina faida moja ambayo jangwa halina: maji pande zote. Huwezi kuizungushia Sahara ziwa. Na sokwe aliyeshushwa kisiwani hakukutana tena na gari, ilhali swala wa Texas amekua akiletewa majani na pikapu. Huyo ukimshusha Niger, mlio wa pikapu ataukimbilia. Ndiyo maana siungi mkono hesabu rahisi ya kuchukua ndege, kuijaza Mena wa Texas na kuwamwaga Termit.

Nakoegemea

Jirani wa Mena ametupa mfano mwingine, na huu uko jangwani kabisa. Choroa wa Sahara, yule mwenye pembe zilizopinda kama jambia, alitangazwa kutoweka porini mwaka 2000. Alibaki Texas, Abu Dhabi na kwenye bustani za Ulaya, hadithi ileile. Mwaka 2016 serikali ya Chad, wakala wa mazingira wa Abu Dhabi na shirika la Sahara Conservation walileta wa kwanza Ouadi Rimé–Ouadi Achim. Hawakuwafungulia siku waliyoshuka kwenye ndege. Waliwaweka kwanza kwenye uzio ndani ya jangwa lenyewe, wakala majani ya pale na kulijua joto la pale, mvua iliponyesha ndipo lango likafunguliwa. Kola za satelaiti shingoni zilionyesha walikokwenda. Leo wapo mamia, na mwaka 2023 IUCN ilimwondoa choroa huyu kwenye daraja la waliotoweka porini. Hifadhi ile inazidi mara tano ukubwa wa Serengeti na haina ukuta, lakini wafugaji wanaopita wanawaacha.

Kwa hiyo, kwa upande wa Chad, nakubaliana na waliokwishaanza. Tangu 2020 wamekamata Mena wachache wa porini na kuwaweka kwenye uzio palepale Ouadi Rimé, wakingali nchini mwao. Swala walewale wakikamatiwa Manga na kupelekwa ng'ambo ningepinga. Uzio ulio nyumbani ni tofauti na uzio wa ugenini: mtoto anayezaliwa humo ananusa upepo atakaoishi nao, na siku ya kufunguliwa hatasafirishwa tena.

Kuhusu damu, wachanganywe. Najua kuna watakaonuna, hasa waliotumia maisha yao kutunza daftari la mhorr tangu Almería. Daftari lao ndilo lililomwokoa mnyama, heshima yao wapewe. Lakini kutunza rangi ya ngozi huku uzazi unadhoofika ni kama mzee anayekataa kuoza binti mpaka apatikane mtu wa kijiji chake, na kijiji kimeshahama.

Niger ni kesi nyingine, na hapo ningewaacha walipo. Termit na Aïr wana watu wanaoishi na jangwa, Watubu na Watuareg, wanaojua swala yuko bonde gani kabla satelaiti haijajua. Fedha ambayo ingeendeshea helikopta ya kukamata ningeiweka kwao, kwa mishahara ya kila mwezi ya watu wa kutazama na kuripoti gari geni. Hili lina udhaifu, na sitaki kuuficha: mwenye ngamia hawezi kumsimamisha mwenye bunduki ya kivita juu ya gari, na eneo lile halina usalama. Ikitokea miaka miwili mfululizo hakuna mtoto wa Mena aliyeonekana Termit, nitabadili kauli, nitasema wakamatwe na wao.

Kitu kimoja ambacho sitabadili ni namna ya kuhesabu. Ripoti zikiandika "Mena duniani" na kujumlisha wa Texas, wa Almería, wa Abu Dhabi na wa Manga kwenye safu moja, jumla inapendeza na haina maana yoyote. Ziwepo safu mbili, walio ndani ya uzio na walio nje yake, na ile ya nje ndiyo isomwe kwanza.

Mwezi uliopita shule yetu ilikwenda Serengeti kwa siku moja, basi lilitoka saa kumi na moja alfajiri. Kupita Ndabaka kidogo tukakuta kundi la granti. Nikamwambia dereva asimame, nikawaambia watoto wahesabu. Wengine walipata 40, wengine 43, wakabishana. Yule kijana wa kibanda umiza hakubishana, alikuwa anachora. Alinionyesha daftari: swala mrefu, pembe zimepinda nyuma, mwili wote ameupaka penseli ya kahawia.

"Huyu ni granti au Mena?" nikamuuliza.

"Mena, Mwalimu."

"Futa huku nyuma kote basi, acha pawe peupe. Wekundu uishie shingoni."

Hakuwa na kifutio. Akaazima kwa mwenzake wa siti ya mbele.